Mwezi Wako Unaanza Tarehe Gani? Niliyojifunza kwa Kupanga Nyumba Zimmerman

Mkataba niliotia sahihi mwanzoni mwa Januari 2018 ulikuwa na kurasa mbili tu, na muda wake ulikwisha tarehe 31 Desemba mwaka huo huo bila mimi wala mwenye nyumba kulitambua jambo hilo. Nilikuwa mwalimu katika shule ya msingi ya kibinafsi, na nilikuwa nimepata nyumba ya chumba kimoja cha kulala kwenye ghorofa ya tatu huko Zimmerman, Nairobi, kando ya barabara ya Thika, kwa kodi ya shilingi 14,000 kwa mwezi. Siku ya kuingia nililipa kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti ya shilingi 14,000 nyingine, na shilingi 2,000 za dipoziti ya maji, keateka, yaani msimamizi wa jengo, akanipa ufunguo, nikapandisha kitanda changu. Mkataba niliutia katika bahasha pamoja na vyeti vyangu vya shule na sikuutazama tena kwa zaidi ya miaka miwili.

Januari 2019 ilipofika nililipa kodi kwa M-Pesa kama kawaida, mwenye nyumba akaipokea kama kawaida, na maisha yakaendelea. Mtu angeniuliza wakati ule nakaa pale kwa haki gani, ningemjibu kwamba nina mkataba. Mwenye nyumba naye angejibu, kama alivyonijibu mwenyewe baadaye, kwamba sina mkataba wowote na kwamba nakaa kwa hisani yake. Sote wawili tulikuwa tumekosea, na kosa hilo nataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu wapangaji wengi ninaowajua Nairobi wanaishi ndani yake hadi leo.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Kifungu chake cha 60 kinasema kwamba mpangaji akibaki katika nyumba baada ya muda wa mkataba kwisha, na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi kutoka kwake kwa miezi miwili, huhesabiwa kwamba upangaji mpya umeanza, nao ni upangaji wa mwezi kwa mwezi. Kifungu cha 58 kinaongeza kwamba upangaji wa namna hiyo unaweza kufanywa kwa maneno ya mdomo au kwa maandishi. Kwa hiyo, kufikia Machi 2019 sikuwa tena mpangaji wa mkataba wa mwaka mmoja, lakini pia sikuwa mgeni aliyekaribishwa akaambiwa ataondoka mwenyeji atakapochoka. Nilikuwa mpangaji mwenye haki kamili, isipokuwa haki hiyo ilikuwa imebadilika kipimo: haikupimwa tena kwa mwaka, ilipimwa kwa mwezi. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingelipata usiku ule nitakaousimulia.

Ishara ya kwanza ilikuja Novemba 2019. Tarehe 20 ya mwezi huo keateka alibandika karatasi langoni ikisema kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba kodi za nyumba za chumba kimoja cha kulala zitakuwa shilingi 15,500. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nililalamika kwa mke wangu, nikalalamika kwa jirani, kisha nikalipa. Siku hizi najua kwamba kodi ni sehemu ya makubaliano, na kwamba upande mmoja hauwezi kuibadilisha peke yake kwa kubandika karatasi. Mwenye nyumba anayetaka kodi ya juu anapaswa kumpa mpangaji notisi ya kutosha, ili mpangaji naye achague kukubali bei mpya au kutafuta kwingine. Siku kumi na moja hazimpi mtu nafasi ya kuchagua chochote. Lakini sikuwa nimeuliza, na kwa kulipa mwezi baada ya mwezi niliikubali bei ile kwa vitendo.

Kisha ikaja korona. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, shule zikafungwa ndani ya siku chache, na sisi tuliofundisha katika shule za kibinafsi, ambazo mishahara yetu hutoka katika karo, tulijua mara moja maana yake. Machi nililipwa nusu. Aprili sikulipwa kitu. Mke wangu na mtoto nilikuwa nimewasafirisha nyumbani kijijini kabla ya tarehe 6 Aprili, siku ambayo serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka jijini, nami nikabaki nikitumaini kwamba shule zingefunguliwa Juni. Kodi ya Aprili niliilipa kwa akiba. Ya Mei na ya Juni sikuweza. Serikali ilipunguza ushuru wa aina kadhaa wakati ule, lakini kodi za nyumba hazikusimamishwa na sheria yoyote, na deni langu lilikuwa deni halali. Sijawahi kudai vinginevyo, wala simulizi hii si ya kumtetea mpangaji asiyetaka kulipa.

Jumanne tarehe 16 Juni keateka alinitumia ujumbe wa simu akisema kwamba mwenye nyumba ameagiza nilipe shilingi 31,000 zote au niondoke ifikapo tarehe 30, la sivyo nyumba itafungwa. Nilimpigia mwenye nyumba simu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mkataba wangu ulikwisha zamani, kwamba ananivumilia tu, na kwamba mtu asiye na mkataba hana haki ya notisi. Alisema kwa sauti ya utulivu kabisa, bila matusi, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo linalojulikana na kila mtu, nami kwa sababu ya utulivu ule nilimwamini. Niliitoa bahasha, nikautazama mkataba, nikaona kwamba kweli ulikwisha tarehe 31 Desemba 2018. Nikajiona sina mahali pa kusimama.

Ijumaa tarehe 3 Julai nilirudi jioni kutoka mtaa wa Kahawa, nilikokuwa nimeanza kufundisha watoto wawili nyumbani kwao, nikakuta kufuli la pili juu ya langu. Kafyu wakati ule ilianza saa tatu usiku. Nairobi ilikuwa bado imefungwa, maana marufuku ya kusafiri iliondolewa siku nne baadaye, kwa hiyo hata kama ningepata nauli nisingeweza kwenda kijijini. Ndani ya nyumba mlikuwa na godoro langu, nguo zangu, jiko la gesi, vitabu vya kufundishia, na vile vyeti vyote katika bahasha. Nilisimama kwenye ngazi nikiwa na mkoba wa vitabu na shilingi mia tatu.

Aliyeniokoa ni mzee wa ghorofa ya kwanza, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi. Ploti nzima, yaani wapangaji wote wa jengo lile, tulimwita Mzee, naye aliniita Mwalimu. Aliniingiza kwake, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

“Mwalimu, mwezi wako unaanza tarehe gani?”

Nilimwambia kwamba nimelipa hadi mwisho wa Aprili.

“Deni lako nimelisikia. Nakuuliza mwezi wako. Kodi inastahili kulipwa tarehe gani?”

Nikamwambia tarehe 1, ingawa tunangojewa hadi tarehe 5.

“Basi zile siku tano ni hisani. Siku ya kodi ni tarehe 1, na hiyo ndiyo siku unayopaswa kuijua kuliko jina la mwenye nyumba.”

Alikuwa na nakala iliyochapishwa ya Sheria ya Ardhi, imechakaa pembeni, na alinionyesha kifungu cha 57 kwa kidole. Kinasema kwamba upangaji wa kipindi kwa kipindi unaweza kusitishwa na upande wowote kwa kumpa mwenzake notisi, kwamba notisi hiyo isipungue urefu wa kipindi chenyewe, na kwamba iishe katika mojawapo ya siku ambazo kodi hulipwa. Masharti ni mawili, na watu wengi hulijua la kwanza tu. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi mmoja au zaidi, lakini mwezi huo hauhesabiwi kutoka siku yoyote mtu anapojisikia kuutoa. Lazima mwisho wake uangukie siku ya kodi. Ujumbe wa tarehe 16 Juni, hata kama tungeuhesabu kuwa notisi iliyoandikwa ipasavyo, ungetimiza mwezi tarehe 16 Julai, na siku ya kodi inayofuata hapo ni tarehe 1 Agosti. Kuniambia niondoke tarehe 30 Juni ilikuwa kunipa siku kumi na nne badala ya arobaini na sita.

Nilimwuliza kama kutolipa kwangu hakukumpa mwenye nyumba ruhusa ya kunitoa haraka zaidi. Mzee hakunifariji kwa uongo. Alisema kwamba kutolipa kodi kunampa mwenye nyumba haki ya kuuvunja upangaji, lakini ni lazima kwanza ampe mpangaji notisi inayotaja kosa na kumpa nafasi ya kulirekebisha, na mpangaji akiwa bado anaishi ndani, kumtoa ni kazi ya mahakama. Akaendelea kwamba kuna njia nyingine iliyo kali zaidi na inayomhusu mwenye deni kama mimi. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, ambayo ni Sura ya 293 ya sheria za Kenya, inamruhusu mwenye nyumba kumtuma dalali mwenye leseni aje aandikishe vitu vya mpangaji, ampe muda wa kulipa, na asipolipa avipige mnada. Hiyo ni halali, na mpangaji asije akaichezea. Kufuli silo njia mojawapo kati ya hizo. Wala si halali kung'oa mlango, kukata maji, kuzima umeme, au kuezua mabati ili mtu atoke mwenyewe.

“Ungekuwa umefungiwa na dalali mwenye karatasi ningekwambia utafute pesa. Lakini hili kufuli la keateka, Mwalimu, ni kufuli tu.”

Nililala kwake siku tatu. Jumatatu tulikwenda pamoja kwa chifu, afisa wa utawala wa serikali katika eneo letu, na mwenye nyumba akaitwa. Chifu hana mamlaka ya kumfukuza mpangaji wala ya kumlazimisha mwenye nyumba kusamehe deni, lakini ana meza ambayo watu wawili wanaweza kuketi na kuandika jambo. Mzee alizungumza kwa heshima kubwa, akamwita mwenye nyumba “ndugu yangu” kila mara, na hakutaja mahakama hata mara moja hadi yule bwana alipouliza mwenyewe ingekuwaje kama jambo lingefika huko. Tuliandika kwamba kufuli liondolewe siku hiyo. Kwamba nilipe shilingi 15,000 za deni wiki hiyo, ambazo kaka yangu alinitumia. Kwamba shilingi 16,000 zilizobaki nilipe kidogo kidogo, shilingi 2,000 kila mwezi kuanzia Agosti. Na kwamba kodi irudi shilingi 14,000 kuanzia Julai, kwa sababu nyumba sita katika ploti ile zilikuwa tayari zimebaki tupu na mwenye nyumba alilijua hilo kuliko sisi. Tuliandika pia kwamba mimi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi na kwamba siku ya kodi ni tarehe 1. Mzee ndiye aliyesisitiza sentensi hiyo. Sote tukatia sahihi, naye chifu akagonga muhuri.

Naona nieleze hapa jambo ambalo Mzee alilirudia mara kadhaa na ambalo watu hulichanganya sana. Wengi wamesikia kwamba Kenya kuna jopo la kudhibiti kodi za nyumba, na hudhani kwamba kila mpangaji anaweza kupeleka malalamiko yake huko. Jopo lipo, limewekwa na Sura ya 296, lakini linahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa wakati ambapo shilingi 2,500 zilikuwa pesa nyingi, na leo karibu nyumba yoyote ya mawe Nairobi inakipita. Nyumba yangu ya 14,000 haikuwa na nafasi huko. Lakini binamu yangu aliyekuwa akikaa katika chumba cha mabati Mukuru kwa Njenga kwa shilingi 2,500 alikuwa nayo, na alikuwa hajui. Chini ya sheria ile, mwenye nyumba anayemtoa mpangaji bila amri ya jopo, au anayemsumbua kwa makusudi ili ahame au alipe zaidi, anatenda kosa la jinai. Binamu yangu alipotishiwa kuezuliwa mabati nilimpeleka kwenye jopo, akajaza fomu, na akapata amri ya kumzuia mwenye nyumba hadi shauri lisikilizwe. Inaniuma kwamba ulinzi mkubwa kuliko wote umewekwa mahali ambapo wanaoishi hapo ndio wenye nafasi ndogo zaidi ya kuusikia, na kwamba kiwango chenyewe kimeachwa kikazeeka hadi watu wanaostahili kulindwa nacho wakawa nje ya uzio.

Deni langu nililimaliza Machi 2021, miezi miwili baada ya shule zote kufunguliwa. Nilikuwa nimepata kazi bora kidogo huko Ruiru, na tarehe 12 Machi nilimwandikia notisi wakala ambaye mwenye nyumba alikuwa amemkabidhi ploti, nikisema kwamba nitahama tarehe 12 Aprili na kwamba kwa mwezi wa Aprili nitalipa siku kumi na mbili tu. Nilihesabu kwamba nimetoa mwezi kamili. Wakala alijibu kwa barua kwamba notisi yangu haiwezi kuisha kabla ya tarehe 1 Mei na kwamba kodi ya Aprili yote inadaiwa. Niliishika barua ile nikashuka nayo kwa Mzee nikiwa na hasira, nikiamini kwamba huu ni uonevu mwingine. Mzee aliisoma, akaivua miwani, akanitazama.

“Hapa, Mwalimu, wakala anasema kweli.”

Nilinyamaza. Kifungu kilichonilinda Julai kilikuwa kile kile. Ikiwa notisi ya mwenye nyumba lazima iishe siku ya kodi, yangu nayo lazima iishe siku ya kodi. Kama ningalimpa wakala barua mwishoni mwa Februari, ningaliondoka tarehe 1 Aprili bila deni. Kwa kuitoa tarehe 12 Machi nilikuwa nimejifunga mwezi wa Aprili mzima, na miezi minane kabla ya hapo nilikuwa nimetia sahihi mbele ya chifu kwamba siku hiyo naijua. Nililipa shilingi 14,000. Mzee alinishauri jambo moja la maana: kwa kuwa nimelipa Aprili yote, Aprili yote ni yangu, nisirudishe ufunguo kabla ya tarehe 30. Nilihamisha vitu polepole, safari tatu kwa gari dogo la mizigo, nikapata wakati wa kuisafisha nyumba na kuipiga picha kila pembe.

Picha hizo zilifanya kazi upesi kuliko nilivyodhani. Wiki ya pili ya Mei wakala alinitumia hesabu ya dipoziti. Kati ya shilingi 16,000 alikuwa amekata 9,000 za rangi, 2,500 za usafi wa jikoni, 1,500 za sinki lenye ufa, na 600 za bili ya mwisho ya maji, zikabaki shilingi 2,400. Bili ya maji ilikuwa sahihi. Usafi wa jikoni niliukubali pia, kwa sababu ukuta ulio nyuma ya jiko ulikuwa na mafuta ya miaka mitatu ambayo sabuni yangu haikuyashinda. Rangi na sinki ndiyo yaliyonitoa usingizini.

Sheria ya Ardhi haikuweka kiwango cha dipoziti ya nyumba za kuishi wala siku za kuirudisha. Hayo yanategemea mlivyopatana, na ndiyo sababu dipoziti huzua ugomvi kuliko kitu kingine chochote katika upangaji. Hata hivyo kifungu cha 66 kinaeleza wajibu wa mpangaji anapoondoka. Airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini halazimiki kurekebisha uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Rangi iliyopauka baada ya watu kuishi ndani kwa miaka mitatu na miezi minne ni matumizi ya kawaida kwa hesabu ya mtu yeyote mwadilifu. Kupaka rangi ili kumpokea mpangaji mpya ni gharama ya biashara ya mwenye nyumba, na mpangaji anayeondoka hapaswi kuibeba. Kuhusu sinki, nilikuwa nimelikuta na ufa. Nilikumbuka kwamba siku ya pili baada ya kuingia, tarehe 2 Januari 2018, nilimtumia keateka picha yake kwa WhatsApp nikimwomba aje alitazame, naye akanijibu “sawa mwalimu ntakuja”. Hakuja, lakini jibu lake lilikuwa bado lipo katika simu yangu, na tarehe yake.

Kwa mambo ya aina hii kifungu cha 65 nacho ni cha kujulikana. Mahali ambapo sehemu tu ya jengo imepangishwa, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote ni mzigo wa mwenye nyumba, na nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa binadamu kuishi tangu siku ya kwanza na ibaki hivyo. Mwaka 2019 bomba la ghorofa ya nne lilivuja dari yangu kwa wiki tatu, na nilimlipa fundi mwenyewe shilingi 1,800 kwa sababu keateka aliniambia kwamba kila mtu hutengeneza kwake. Pesa hiyo sikuidai wakati wake, na miaka miwili baadaye sikuwa na risiti ya fundi.

Nilimwandikia wakala barua ya madai. Niliieleza hesabu yangu, nikakubali shilingi 3,100 za maji na usafi, nikadai 12,900, nikaambatisha picha ya sinki ya 2018 na picha za siku ya kuondoka, nikampa siku kumi na nne. Mwishoni nilisema kwamba baada ya siku hizo nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo ilikuwa imeanza kazi Milimani, jijini Nairobi, Aprili ile ile ya 2021, chini ya sheria ya mwaka 2016, na ilikuwa habari mpya kwetu sote: madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukumu ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Haisikilizi migogoro ya umiliki wa ardhi wala ya nani akae katika nyumba, lakini pesa ya mtu iliyoshikwa na mwingine ni jambo lake. Mzee alinisaidia kuandika barua ile mara tatu. Kila mara alifuta maneno ambayo yalikuwa yanaeleza uchungu wangu, akaacha tarehe na shilingi.

Siku ya tisa wakala alinipigia simu, tukazungumza bila kupandishiana sauti, na jioni hiyo nikapokea shilingi 11,500. Zilibaki 1,400 alizodai ni za kubadilisha kitasa. Ningeweza kuzifuata. Nilipima nauli ya Milimani na siku za kazi ambazo ningezikosa, nikaamua kuziacha, na sioni kwamba niliamua vibaya.

Nyumba ya Ruiru ni ya mama mmoja mzee anayeishi katika kiwanja hicho hicho. Siku niliyokwenda kuitazama nilimwambia kwamba sihitaji mkataba mrefu, kwamba mwezi kwa mwezi unanitosha, lakini ningependa tuandike siku ya kodi na siku ngapi za notisi, na tuzunguke pamoja chumba kwa chumba tukiandika hali ya kila kitu. Nilihofia kwamba angenidhania mtu wa kesi. Aliuliza kwa nini siku ya kodi iandikwe, nikamweleza kisa cha tarehe 12 Machi, jinsi nilivyolipa mwezi mzima kwa kutoijua siku. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba yeye pia alishaachiwa nyumba katikati ya mwezi na mpangaji aliyeondoka usiku, na hakuwahi kujua amdai nini. Akaingia ndani akatoka na daftari la kodi, akaandika tarehe 5 kwa mkono wake, akanipa kalamu nitie sahihi chini yake. Kisha tukazunguka nyumba. Mimi niliandika bomba la bafuni linalovuja na kioo kimoja kilichopasuka. Ufa ulio juu ya dirisha la jikoni sikuuona. Aliuona yeye, akanionyesha kwa bakora yake, akaniambia niuandike.